Anahesabu hadi kumi, kuomba maji hajui

Bibi Nesi anajibu barua za wasomaji

Mwezi huu mmenizidi. Barua za homa na za meno zimekuja mbili tu. Zilizobaki zote ni simu, kishikwambi, runinga, na simu tena. Nimechagua nne na swali moja la chapuchapu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni nesi mstaafu, nimekaa kliniki ya watoto miaka 31, na wapo akina mama niliowapima uzito wakiwa wachanga ambao baadaye waliniletea watoto wao niwapime. Daktari si mimi. Penye kazi ya daktari nitakwambia uende.

Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi saba. Kwenye simu anafungua mwenyewe video anayoitaka, anaruka tangazo, anaimba namba mpaka kumi kwa Kiingereza na rangi zote. Lakini akitaka maji hasemi "maji". Ananishika mkono, ananivuta mpaka kwenye jagi, analia. Nikimwita jina hageuki mpaka niite mara tatu, nne. Nilirudi kazini akiwa na miezi sita. Binti anayenisaidia kulea alikuwa anampa simu ili apate kufanya kazi, nami nikirudi jioni nimechoka nampa hiyohiyo. Jirani ameniambia huo ni usonji (autism) umeletwa na simu. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa kusema, nisubiri. Usingizi umenipaa. Nifanye nini? — Mama Asiyelala

Marahaba, mwanangu. Nianze na jirani yako, maana ndiye aliyekuibia usingizi. Simu haileti usonji. Chanzo cha usonji kwa sehemu kubwa kiko kwenye urithi na namna ubongo unavyojengwa tangu tumboni, kabla mtoto hajaona skrini yoyote. Kinachowachanganya watu ni mambo mawili. Mtoto aliyekaa sana na skrini anaweza kuonekana hivyo kwa nje: haitiki, hatazami usoni, anarudia maneno ya katuni. Na mtoto mwenye usonji naye mara nyingi huipenda skrini kuliko wenzake, kwa sababu video ileile hurudi vilevile kila siku, haimshtukizi kama watu wanavyomshtukiza. Ukimkuta simu iko mkononi huwezi kujua kwa macho kipi kilitangulia. Mimi na miaka yangu 31 siwezi, sembuse jirani yako.

Mama mkwe naye amesema kweli nusu. Wavulana huchelewa kidogo kuliko wasichana, lakini kidogo ni kidogo. Mtoto akifika miaka 2 kwa kawaida anaunga maneno mawili: mama njoo, baba kaenda, sitaki hii. Wa miaka 2 na miezi 7 ambaye hata maji haombi kwa neno, huyo hasubiriwi.

Kwa hiyo wiki hii mpeleke akapimwe, na kipimo cha kwanza utakachoomba kiwe cha masikio. Nakuambia hivi kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye sitamsahau. Mama yake aliingia kliniki akiwa amekwisha kujihukumu: simu ameifungia kabatini mwezi mzima, mtoto bado haongei. Nilisimama nyuma ya yule mtoto nikatikisa bunda la funguo, akageuka. Nikamwita jina kwa sauti ya kawaida, kimya. Nikasogea, nikamwita tena, kimya. Daktari alipomwangalia alikuta majimaji yamejikusanya nyuma ya ngoma za masikio, labda kwa miezi, na maneno ya watu yalikuwa yanamfikia kama anayesikiliza akiwa chini ya maji. Simu ililaumiwa mwezi mzima, ugonjwa uko kwingine. Wako anaweza asiwe hivyo, maana wimbo wa namba ameushika. Ila kumbuka simu huwa karibu na sikio na sauti imepandishwa. Kuitwa mara tatu, nne ndipo ageuke, hilo mimi silikisii, linapimwa.

Na mtaalamu atakapokuuliza, mpe jibu hili ukiwa umelichunguza nyumbani: ndege akipita, je, mtoto anamnyooshea kidole, kisha anakugeukia wewe aone kama nawe umemwona? Kunyoosha kidole ili akuonyeshe tu, bila kutaka apewe kitu, ni jambo wanaloliangalia kuliko kuhesabu mpaka kumi.

Sasa nije kwenye namba zake, kwa sababu naona umeziandika kwa fahari na kwa uchungu pamoja. Usizidharau, kichwa kinashika. Lakini kuimba namba na kuomba maji ni kazi mbili tofauti. Anayeomba anamtafuta mtu kwa macho, anatoa sauti, anangoja, anaangalia kama ameeleweka, akiona bado anajaribu tena. Video haimngoji. Akikosea inaendelea, akinyamaza inaendelea, akisinzia inaendelea. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walichapisha jaribio ambalo nimewasimulia akina mama wengi kwenye benchi. Walichukua watoto wa miezi 9 wa nyumba zinazozungumza Kiingereza, wakawakutanisha mara 12 na watu wanaozungumza Kichina cha Mandarini, wanakaa nao sakafuni, wanawasomea vitabu, wanawaonyesha vidude. Mwishoni watoto wale wakawa wanatofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuzitofautisha. Kundi jingine likaonyeshwa watu walewale na maneno yaleyale kwenye skrini. Hawakuambulia kitu. Hebu fikiri: sauti ni ileile, sura ni ileile, aliyekosekana ni mtu wa kumtazama mtoto machoni.

Kuna na la pili ambalo hukuliuliza, lakini nahisi liko nyumbani kwako kama lilivyo nyumbani kwa wengi: runinga inayowashwa asubuhi ikazimwa usiku, hakuna anayeitazama. Dimitri Christakis na wenzake waliwavalisha watoto wadogo vinasa sauti, na mwaka 2009 wakaandika kwamba kila saa moja ya runinga inayosikika iliendana na maneno 770 pungufu ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa mtu mzima. Runinga haikumziba mtoto masikio. Ilimziba mkubwa mdomo.

Ndiyo maana swali la "saa ngapi kwa siku" mimi huliweka la pili. Jibu lake lipo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ishike namba hiyo. Lakini kliniki nilikuwa nauliza kwanza: hii simu imekalia kiti cha nani? Kwako imekalia kiti chako wewe cha jioni, na kiti cha binti anayekusaidia cha mchana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Jagi lako hilohilo litatusaidia. Liweke anapoliona lakini halifikii. Akikuvuta mkono, usimmiminie haraka kwa mazoea. Piga magoti mpaka nyuso zenu zilingane. Sema "maji". Kisha nyamaza, umtazame, uhesabu moyoni mpaka kumi. Utaona kumi ni ndefu ajabu. Wengi wetu tunakata tatu tukadakia. Akitoa sauti yoyote, hata "m" tu, furahi nayo, "maji, eeh, maji haya hapa", umpe. Asipotoa, mpe vilevile. Usimnyime maji mpaka aseme. Kiu si fimbo ya kufundishia. Kesho tena, na kila mara. Fanya hivyo na kiatu, na mlango, na taa.

Kwa yule binti, usirudi nyumbani na amri ya "kuanzia leo marufuku simu" kisha umwachie mtoto anayelia na ndoo ya nguo. Atampa simu ukifunga mlango, na mimi ningempa. Mpe kitu cha kushika badala yake: mtoto akae karibu naye na beseni dogo lenye maji kidogo na vikombe vya plastiki, aoshe pale anapoosha yeye, huku wanaongea, na beseni asiachwe nalo peke yake hata dakika. Nguo zitakula sabuni mara mbili. Siku tatu, nne za mwanzo atalia sana akiitafuta simu. Mtoto wa umri huu husahau haraka kuliko tunavyoogopa, mradi isiwe inaonekana juu ya meza.

Habari za kazi, Bibi. Kijana wangu ana miaka minane, shuleni wanamsifu kwa upole. Lakini nikisema muda wa gemu umeisha anageuka mtu mwingine. Juzi alirusha rimoti ikavunjikia ukutani. Nimemnyang'anya kishikwambi wiki nzima, nilipomrudishia yakarudi yaleyale. Nilimchapa mara moja na najuta. Rafiki zake wakija anatoka kucheza mpira bila shida. Kishikwambi kinalala chumbani kwake kwa sababu ndiko kwenye chaji. Je, huu ni uraibu? — Baba Rimoti

Baba Rimoti, jina umejipa mwenyewe, mimi simo. Kabla sijakujibu nikiri la kwangu.

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka 9 alikaa kwangu. Tulikubaliana dakika arobaini, nikatega ile kengele yangu ya jikoni yenye umbo la yai. Ilipolia nikaenda nikaitoa simu mkononi mwake. Alipiga yowe nikadhani ameungua. Nikamwambia maneno yale ambayo sote tunayajua, heshima, shukrani, enzi zetu. Hakunisemesha mpaka kesho yake jioni. Kisha akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mzee barabara: "Bibi, tulikuwa watano. Ilibaki dakika moja na nusu. Nilipotoka wakabaki wanne, wakafungwa, wakanitukana." Nikamwomba anifundishe. Akanipa mtu wangu wa kumwongoza, nikafa ndani ya sekunde ishirini, nikafufuka, nikafa tena, yeye anacheka mpaka anashika tumbo. Lakini niliona ambacho sikuwa nakiona: mechi ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake haujui yai langu.

Tangu siku ile tunahesabu mechi, hatuhesabu dakika. "Leo ni mbili." Na maneno "hii ndiyo ya mwisho" yanasemwa kabla haijaanza, si katikati. Amenililia mara moja tu baada ya hapo, na alikuwa na njaa.

Kwenye video ni kinyume chake: mwisho haupo kabisa. Moja ikiisha nyingine inajiwasha yenyewe. Kurasa nazo unasogeza kwa kidole na chini hakufikiki. Hilo halikutokea kwa bahati. Aliyebuni ukurasa usio na mwisho, mwaka 2006, ni Mmarekani Aza Raskin, na baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Mtu mzima anayekaa chini "dakika mbili tu" akainuka usiku wa manane anajua ninachosema. Sasa tunamtaka mtoto wa miaka minane ajikate mwenyewe katikati ya kitu kilichotengenezwa kisikatike. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio, zima hiyo ya kujiwasha yenyewe. Achague video mbili kabla hajaanza, zikiisha skrini inanyamaza, na wewe uwe karibu wakati huo ukiwa na jambo la kufanya naye. Mtoto anayetolewa kwenye gemu kwenda kwenye utupu atapigana. Akiitwa aje akushikie kurunzi unapotengeneza bomba, huenda akaja mbio.

Uraibu? Sidhani. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa magemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kabisa kujizuia, gemu limepanda juu ya kila kitu alichokuwa akikipenda, na anaendelea hata maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Wako rafiki zake wakibisha hodi anaacha anakwenda mpirani. Shikilia hapo. Siku mpira ukianza kukataliwa, shule ikashuka, akaacha kuoga na kula kwa ajili ya mechi, niandikie tena, au bora zaidi muone mtaalamu.

Kilichonishtua kwenye barua yako si rimoti. Ni ule mstari wa mwisho, wa chaji. Kitoe kishikwambi chumbani leo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, giza likishika. Mwanga wa skrini karibu na uso huichelewesha, na macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu sisi wazee. Halafu kuna lile lenyewe analocheza: mtu aliyetoka kukimbizwa na majini yenye mapanga hawezi kulala kwa sababu umezima taa. Nami nina shaka kubwa kwamba ukilala wewe, yeye bado. Mtoto aliyelala kwa muda wa saa saba tu, akakosa mbili au tatu, atarusha rimoti jioni hata kama ulikuwa unamwondolea penseli. Chaji ihamie sebuleni, na cha kwako kikae hapohapo kando ya chake. Kizime saa moja kabla ya kulala. Mpe wiki mbili, ndipo umpime tabia.

Kuhusu kumchapa, majuto yako yanatosha. Mwambie "nilikosea kukupiga", basi, usiongeze "lakini".

Swali la chapuchapu: Bibi, mtoto wangu wa miezi kumi anaongea na baba yake kwa simu ya video kila Jumapili kwa sababu baba yuko kazini mbali. Nayo ni skrini, nimkataze? — Mama Jumapili

Usimkataze. Madaktari wa watoto wa Marekani, walioandika mwaka 2016 kwamba skrini ziepukwe chini ya miezi 18, simu ya video na ndugu waliitoa kwenye katazo hilo. Baba anamjibu, na hiyo ndiyo tofauti. Mwambie baba asogee, apige makofi, angoje naye apigiwe.

Dada nesi, salamu. Mimi ni babu wa binti wa miaka kumi anayekodoa macho kutazama ubao. Siku nzima yuko na simu, nyumba nzima iko ndani. Mwanangu amemnunulia miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, anasema ndiyo dawa. Mimi naona ni fedha imetupwa. Nani mkweli? — Babu Mwenye Mashaka

Salamu nimepokea, kaka yangu. Kwa hili ushindi ni wako, lakini usimcheke mwanao, amedanganywa na matangazo kama wengine. Mwaka 2023 Cochrane, wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio ya miwani hiyo na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida.

Anayekodoa macho kutazama ubao huenda haoni mbali. Jicho limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, picha inaangukia kabla ya kufika nyuma. Huyo anapimwa na mtaalamu wa macho na kupewa lenzi zake halisi, na mapema, kwa sababu jicho la mtoto bado linakua. Utashangaa wangapi waliitwa wavivu darasani kumbe ubao wanauona ukungu.

Na hapa nirudi kwenye kiti. Skrini iliyo sentimita ishirini kutoka puani inachosha macho, hilo kweli, na anayekodolea hupepesa kope mara chache mno, macho yanakauka, yanawasha. Ila kinachowaumiza watoto wengi zaidi ni kiti cha jua kilichokaliwa. Huko Guangzhou, China, shule kumi na mbili ziligawanywa. Nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, na kwenye shule nyingine karibu 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hawakupewa dawa wala miwani, walitolewa nje tu. Mwanga wa mchana, hata wenye mawingu, una nguvu mara nyingi kuliko wa taa za ndani, na inaonekana jicho linauhitaji ili lisirefuke ovyo.

Wewe uko nyumbani mchana, kaka. Umeandika "nyumba nzima iko ndani", na katika nyumba nzima umo. Toka naye. Anaweza hata kuja na simu, akupige picha za mbali. Atachoka nayo mwenyewe akianza kutembea.

Shikamoo Bibi. Nina miaka 13. Mama hukusoma kila mwezi ndiyo maana nakuandikia wewe. Amenipangia saa moja ya simu kwa siku, na saa tatu usiku naiacha sebuleni. Sikatai. Lakini yeye anashika ya kwake tangu anaingia mlangoni. Juzi nilimwambia nimechaguliwa kuwa nahodha wa timu, akasema "mh, vizuri" bila kuinua macho. Usiku akaniuliza, "Hivi mnachagua lini nahodha?" Niliingia chumbani nikalia. Nikimwambia ataniona sina adabu. — Nahodha

Marahaba. Hongera sana, Nahodha! Nimeinuka kitini kukupongeza, ingawa hunioni.

Katika miaka ya 1970, kabla simu hizi hazijawahi kuota, mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alifanya jaribio la dakika chache. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaambiwa augandishe uso: asicheke, asijibu, amtazame tu. Mtoto anatabasamu ili amrudishe. Anatoa sauti, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Ikishindikana anageuza uso pembeni na kulia. Na mama hajaondoka, yuko palepale, mkono ungemfikia. Nimeuona uso ule kwenye benchi la kliniki, mama anaperuzi na mtoto anamgonga goti, pa, pa, pa, mpaka anachoka. Nakusimulia ujue kwamba kulia kwako si udeko. Kila mtu aliyewahi kuwa mtoto angelia.

Sasa mama yako. Simjui, ila namjua wa namna yake. Mara nyingi kilicho ndani ya simu ile si starehe. Ni bosi anayetuma ujumbe usiku, mteja, kikundi cha wazazi wa darasa lenu chenye ujumbe sitini, mdogo wake anayeumwa. Yeye anaona anamaliza kazi, wewe unaona kipaji cha uso kimeinama. Nyote wawili mnaona kweli. Usimwambie "na wewe mbona". Neno "mbona" litamfungia masikio, na hapo ndipo adabu itaingia katikati.

Mwambie tukio lile, kama ulivyoniandikia mimi, bila kuongeza chumvi: nilikuambia, ukasema vizuri, usiku ukaniuliza tena, nikalia. Sentensi nne. Usiseme "kila siku" wala "hunijali". Kisha mwombe kitu kidogo chenye mipaka: kuanzia anapovua viatu mpaka mnapomaliza kula, simu zote mbili, yako na yake, zikae juu ya kabati. Akisema kuna simu ya kazi anaingoja, sawa, iwekwe kwa sauti, ikiita ataipokea. Wewe endelea kuiacha yako sebuleni saa tatu bila kukumbushwa, siku ile na zinazofuata. Ukivunja la kwako, huna tena la kumwambia.

Kama kusema kunakushinda, ukate ukurasa huu umwekee juu ya mto. Mama yako akisoma hapa atajua ni yeye, na mimi sikumtaja jina. Atakasirika labda robo saa.

Chagua siku asiyotoka kazini amechoka. Kisha niandikie alichojibu, hata kama si kizuri. Na mechi ya kwanza ni lini?